Injini Iliyopotewa na Kumbukumbu

Nyinyi mnaonisikiliza mkiwa nyuma ya usukani, maneno ya leo yanawahusu nyinyi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Iko hali moja iwapatayo wenye magari mara kwa mara, nayo huwatoa fedha ambazo hawakupaswa kuzitoa. Betri imechoka ikabadilishwa, au fundi ameifungua ili apate nafasi ya kutengeneza oltaneta, au mwenyewe ameitoa jioni ikapelekwa kuchajiwa. Asubuhi imerudishwa mahali pake, waya zimekazwa, swichi imezungushwa, na injini imewaka. Lakini injini ile ile iliyokuwa jana ikinguruma kwa utulivu, leo inapanda na kushuka, inaitetemesha dashibodi, na kila dereva aondoapo mguu kwenye mafuta inazimika. Mwenye gari hushtuka. Hudhani kuwa betri mpya ni mbovu, au waya zimeungua, au, jambo baya zaidi, kwamba gereji imemtolea kifaa kizima ikamtilia kibovu. Fundi naye, ikiwa hakupata kufundishwa habari hii, huanza kulitafuta kosa mahali lisipokuwapo: leo plagi, kesho koili, kesho kutwa pampu ya petroli, na mwisho kontrolboksi nzima, yaani kompyuta ya injini, ambayo bei yake yaweza kumfanya mtu aliuze gari lenyewe. Muradi wangu jioni hii ni kueleza, kwa kadiri ya wakati niliopewa, kwamba aghalabu gari la namna hiyo ni zima; limesahau mambo liliyojifunza kwa muda mrefu, na lataka kufundishwa upya kwa taratibu maalumu ambayo haihitaji kununua kitu chochote.

Natuanze na asili ya jambo. Injini ya petroli, gari liwapo limesimama na dereva hakukanyaga mafuta, haina kazi ila kujizungusha yenyewe na kuviendesha vile vitu vinavyoitegemea: oltaneta, pampu ya maji, pampu ya usukani, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mwendo huo wa kutulia, katika magari mengi madogo tuliyo nayo, ni baina ya mizunguko 650 na 750 kwa dakika injini ikisha kupata moto. Na ikiwa baridi, hupandishwa mpaka 1,200 au zaidi ili ipate joto upesi. Ni mwendo mdogo sana kwa mashine ambayo ikikimbia yaweza kufikia mizunguko 6,000, na kwa sababu ya udogo wake, upungufu wa hewa ambao barabarani usingetambulikana hata kidogo, hapa watosha kuizima kabisa. Tena petroli haiungui sawasawa ila kwa kipimo, yaani takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli, na kipimo hicho hakina huruma kwa anayekosea. Basi yeyote anayetaka injini itulie, awe mtu au mtambo, sharti aweze kuipima hewa kidogo sana kwa usahihi mkubwa sana.

Zamani kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi. Wanaoyakumbuka magari ya Peugeot 404, Datsun 1200 na Volkswagen ya mgongo wa kobe wataikumbuka na kabureta yake, na zile parafujo ndogo ambazo fundi aliziinamia na bisibisi yake, sikio amelitega kwenye mngurumo, akizungusha robo kwa robo, akingoja, akirudisha nyuma kidogo, mpaka sauti ikanyoka. Yale yalikuwa maarifa ya kweli, na mafundi waliokuwa nayo wanastahiki heshima yetu hata leo. Lakini kabureta ilikuwa na sifa moja isiyokuwamo katika magari ya sasa, nayo ni kwamba parafujo ikisha kuwekwa ilibaki pale ilipowekwa, betri iwepo au isiwepo. Kipimo kilikuwa katika chuma, na chuma hakihitaji umeme ili kikumbuke.

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo ulioitwa D-Jetronic, uliotiwa katika Volkswagen 1600, ambao uliipima petroli kwa umeme badala ya kabureta. Na mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ikatoa mtambo wa Motronic katika BMW 732i, ambamo petroli na cheche za plagi ziliwekwa pamoja chini ya amri ya kompyuta moja. Wajapani nao walishika njia hiyo kwa bidii, na baada ya miaka wakaondoa hata ule waya wa chuma uliokuwa ukitoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye injini. Katika gari la siku hizi, mguu wa dereva hauvuti kitu. Unapeleka habari tu kwa kompyuta, na kompyuta huiamrisha mota ndogo ikifungue kilango cha hewa kwa kadiri iionayo kuwa inafaa.

Kilango hicho ndicho kiini cha mazungumzo yetu, nami naomba mnivumilie nikieleze vizuri. Ni kisahani cha madini, mviringo, kilichosimamishwa ndani ya bomba la kuingizia hewa, kikizunguka juu ya mhimili wake. Dereva akikanyaga, kisahani hulala na hewa ikapita kwa wingi. Akiachilia, husimama kikaziba, isipokuwa upenyo mwembamba sana kandokando yake, na hewa ipitayo katika upenyo huo ndiyo inayoilisha injini wakati wa kutulia. Katika magari ya nyuma kidogo, kisahani hufunga zaidi, na hewa ya kutulia hupitishwa katika njia ya pembeni yenye vali yake. Lakini hesabu ni ile ile. Sasa, injini huvuta tena ndani yake mvuke wa oili utokao katika sehemu za chini, na mvuke huo, ukichanganyika na vumbi linaloponyoka kichungio cha hewa, huganda kwenye ukingo wa kisahani na kwenye kuta za bomba, ukafanya utando mweusi unaonata. Kila kilomita elfu zinazopita, ule upenyo huzidi kuwa mwembamba.

Mbona basi gari halizimiki siku zote? Ni kwa sababu kompyuta inaangalia. Mara mizunguko ishukapo chini ya kipimo, hukifungua kisahani kidogo zaidi. Ikiona kuwa sasa injini imetulia, huliandika jambo hilo katika kumbukumbu yake, na siku ya pili huanzia hapo. Utando ukiongezeka, nayo huongeza. Hufanya vivyo hivyo kwa petroli: sensa ya oksijeni iliyomo katika bomba la moshi huiarifu kama mchanganyiko umekuwa na petroli nyingi au chache, nayo hurekebisha, na yale marekebisho yaliyothibiti huyahifadhi. Kwa miezi na miaka, kompyuta ya gari lako imekuwa ikijisomesha tabia za injini hiyo moja, uchakavu wake na uchafu wake, bila wewe kujua wala kushukuru. Na katika magari mengi, elimu yote hiyo huwekwa mahali panapoishi kwa umeme mdogo utokao kwenye betri usiku na mchana, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Siku waya wa betri unapofunguliwa, elimu yote inafutika.

Fikirini rubani wa bandari ambaye ameuingiza msafara wa vyombo mwaka hata mwaka, akijua mchanga umeongezeka upande gani wa mlango na maji yamebaki pima ngapi. Mwondoeni huyo, mkamlete mgeni aliyeshika ramani iliyochorwa bandari ilipokuwa mpya, naye ataisoma ramani yake kwa unyofu kabisa na kukipandisha chombo juu ya fungu. Ndivyo ilivyo kompyuta iliyopotewa na kumbukumbu. Hurudia vipimo ilivyotoka navyo kiwandani, vilivyowekwa kwa kisahani kisafi, hukifungua kwa kadiri iliyotosha siku ile gari lilipokuwa jipya, na hewa inayopita utando ule haitoshi. Injini inazimika, na kompyuta haikukosea hesabu. Imeitumia hesabu ya zamani.

Kutoka hapa mambo mawili yanajibika ambayo huwashangaza watu. La kwanza, kwa nini gari jipya hubadilishiwa betri bila ya shida yoyote, ilhali la jirani yake, la aina ile ile, linazimika kila kona: hilo la pili lina utando mnene, kwa hiyo lilikuwa na mengi ya kusahau. Wala tusisahau kwamba magari yetu mengi yatokayo Japani hushuka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika. Kenya hukataa yaliyozidi umri wa miaka 8, lakini hata miaka saba katika misongamano ya mijini ni mingi kwa kisahani cha hewa. La pili, kwa nini fundi akikisafisha kilango na asiiguse betri, injini huanza kunguruma juu mno, ikafika pengine mizunguko 1,200 au 1,500 ilhali imekwisha kupata moto: hapo kompyuta inakumbuka utando ambao haupo tena, nayo inaendelea kukifungua kisahani kwa ajili ya uchafu uliokwisha kuondolewa. Yamkini magari ya karibuni zaidi huhifadhi sehemu ya elimu yao mahali pasipohitaji umeme, na hayo hayapati taabu hii. Ila mengi yanayotembea katika barabara zetu yanaipata.

Sasa tuje kwenye dawa. Watengenezaji wa magari waliijua hali hii, na kila mmoja aliweka taratibu yake. Bahati mbaya taratibu hizi huandikwa katika vitabu vya mafundi, si katika kijitabu kikaacho ndani ya gari. Na hata kijitabu hicho, katika gari lililotoka Japani moja kwa moja, kimeandikwa Kijapani kitupu. Kwa hiyo nitazieleza chache kwa mdomo, na mwenye kalamu na aishike.

Nianze na Honda, kwa kuwa taratibu yake ni nyepesi. Zima kila kitu kinachokula umeme: taa, kiyoyozi, redio, feni ya ndani. Gia iwe katika P au N. Washa injini, ishike kwa mguu katika mizunguko 3,000 kwa dakika mpaka feni ya rejeta ianze kuzunguka, au mpaka maji yafike nyuzi 90 za Selsiasi. Kisha ondoa mguu kabisa, uiache injini itulie yenyewe kwa muda wa dakika 5 bila kuigusa. Feni ya rejeta ikiwaka katikati ya dakika hizo, muda wa kuwaka kwake usihesabiwe. Mitsubishi hutaka jambo la karibu na hilo: ipashe injini moto mpaka maji yazidi nyuzi 80, izime, ngoja sekunde 10 au zaidi, iwashe tena, na uiache itulie dakika 10 bila taa wala kiyoyozi wala feni. Toyota nyingi hazitaki sherehe yoyote; zikipata betri iliyojaa, zikaachwa zitulie mpaka zipate moto, kisha zikaendeshwa kwa upole, hujifunza zenyewe, na mwenyewe asubiri tu bila wasiwasi.

Nissan ndiyo yenye taratibu ndefu, na ndiyo iwatesayo watu wengi, hasa wenye X-Trail na nyinginezo za miaka ya 2000 zenye kilango kiendeshwacho kwa umeme. Kazi yake ni ya sehemu tatu, nayo lazima ifuatwe kwa mpango wake. Sehemu ya kwanza ni kuifahamisha kompyuta mahali pedali ya mafuta ilipo ikiwa haikuguswa: bila kuikanyaga, fungua swichi pasipo kuwasha injini, ngoja angalau sekunde 2, funga, ngoja angalau sekunde 10, fungua tena sekunde 2, funga tena sekunde 10. Sehemu ya pili ni kuifahamisha mahali kisahani kinapofungia: mguu uwe mbali na pedali, fungua swichi kisha uifunge, na katika zile sekunde 10 zifuatazo tega sikio chini ya boneti, utaisikia mota ya kilango ikijisogeza.

Sehemu ya tatu ndiyo yenyewe hasa, yaani kujifunza kadiri ya hewa ya kutulia, nayo ina masharti. Injini iwe imepata moto, maji yawe baina ya nyuzi 70 na 100. Betri iwe nzima, volti zake zizidi 12.9 injini ikiwa inanguruma. Gia iwe katika P au N, na giaboksi ya otomatiki iwe imekwisha kupata moto kwa mwendo wa barabarani. Taa, kiyoyozi na kitu chochote cha umeme kizimwe. Usukani uwe umenyooka. Hayo yakitimia, zima injini, ngoja sekunde 10. Fungua swichi bila kuwasha, mguu ukiwa mbali na pedali, na uhesabu sekunde 3. Kisha ndani ya sekunde 5, kanyaga mafuta mpaka chini na kuachilia, mara 5, upesi. Ngoja sekunde 7. Halafu kanyaga mpaka chini na ushikilie, kwa takriban sekunde 20, ukiitazama ile taa ya injini ya rangi ya manjano kwenye dashibodi: itaanza kumweta, na baadaye itaacha kumweta na kuwaka moja kwa moja. Mara iwakapo hivyo, achilia pedali ndani ya sekunde 3, washa injini, uiache itulie. Baada ya sekunde 20 ichangamshe mara mbili au tatu, kisha uisikilize.

Naomba saa yenye mshale wa sekunde, au simu yenye kuhesabu sekunde, iwe karibu, na mtu wa pili akusomee hatua huku wewe ukifanya, kwani hesabu hizi ndizo zinazokwenda kombo: mtu hukanyaga mara 5 kwa sekunde 8 badala ya 5, au hungoja sekunde 4 mahali pa 7, kompyuta ikakataa, naye akasema kuwa taratibu ni uongo. Taratibu si uongo, ila haikubali makisio. Ikishindikana, anza upya tangu mwanzo, tena na tena ikilazimu. Gari halidhuriki kwa kujaribiwa. Fundi mwenye mashine ya kupimia inayofaa aweza kuifanya kazi yote hii kwa kuiamrisha kompyuta moja kwa moja, na hiyo ni njia bora zaidi ipatikanapo.

Na ikishindikana hata baada ya kufuatwa barabara? Hapo ndipo mahali pa uchunguzi, na uchunguzi wenyewe una utaratibu. Kwanza kitazamwe kisahani, kama kinafunga kweli au utando umekizuia. Kikiwa kichafu, kisafishwe kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kitambaa laini, kisha ujifunzaji urudiwe. Pili itazamwe vali ile inayorudisha mvuke wa oili ndani ya injini. Tatu zitafutwe hewa za wizi, yaani mpira uliopasuka au gasketi iliyolegea nyuma ya kilango, ambapo hewa huingia bila kupimwa. Mara nyingi husikika zikipuliza. Mambo haya matatu hayana gharama kubwa, nayo ndiyo yapasayo kutangulia plagi, koili, pampu na kontrolboksi.

Yako pia mambo ya kukatazwa, na hapa nasema kwa mkazo. Ile parafujo ndogo iliyo pembeni ya kilango, inayokizuia kisahani kisifunge kupita kiasi, imewekwa kiwandani na haitakiwi kuguswa. Fundi aliyelelewa na kabureta huiona, mkono ukamwasha, akaizungusha ili injini isizimike, na kweli haizimiki siku ile, lakini amekiharibu kipimo ambacho kompyuta hukitegemea kwa hesabu zake zote. Wala kisahani cha kilango cha umeme kisisukumwe kwa kidole swichi ikiwa imefunguliwa, kwani mota yaweza kukishindania kidole, na meno madogo yaliyomo ndani ni mepesi kuvunjika. Kadhalika nawaonya juu ya desturi ya kufungua betri ili taa ya injini izimike. Taa hiyo ni shahidi. Ukifungua betri umemfukuza shahidi pamoja na ushahidi wake, na elimu yote ya injini imefutika pamoja naye. Kosa lenyewe limebaki, na baada ya siku chache taa itarudi. Anayenunua gari la mkono wa pili, akiona saa ya dashibodi inasoma sifuri au saa moja isiyo na maana, na aulize kwa upole betri ilifunguliwa lini na kwa sababu gani.

Betri yenyewe, ikiwa haina budi kufunguliwa, iwe kwa adabu yake. Zima swichi, toa ufunguo, ngoja dakika chache ili kompyuta zilale. Anza na waya wa hasi kwa spana namba 10, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi, na ukianzia na chanya, spana ikigusa chuma cha gari, cheche zitaruka mkononi mwako. Viko vifaa vidogo vya kuilisha kompyuta umeme wakati betri kubwa imetolewa, navyo hutiwa katika tundu la kupimia au la kuwashia sigara. Gereji inayobadilisha betri kila siku ingefanya vema kuwa na kimoja, isipokuwa wakati wa kazi zinazogusa mifuko ya hewa ya usalama, ambapo umeme wapasa kukatika kabisa. Na msishangae ikiwa vioo vya umeme vimesahau kupanda kwa mguso mmoja, au redio ikadai namba ya siri: ni kisa kile kile, kila kimoja na fundisho lake.

Taratibu za kuifundisha injini zifanywe mahali palipo wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo imeua watu. Breki ya mkono ivutwe. Na dereva ambaye gari lake bado halijatulia asilipeleke mahali pa hatari: injini ikizimika katika mwendo, usukani huwa mzito ghafla, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu kabla pedali haijawa ngumu. Mteremko wa kushukia kivuko cha Likoni huko Mombasa, wenye watu wa miguu mbele na magari nyuma, si mahali pa kujua hayo kwa mara ya kwanza.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa pande mbili. Enyi mafundi, nawasihi muandike taratibu za magari mnayoyapokea zaidi, kwa Kiswahili kinachosomeka, mzibandike ukutani gereji, na kijana anayejifunza kazi azijue kabla hajaruhusiwa kushika spana karibu na betri. Nanyi wenye magari, iko dhuluma moja tuliyoizoea, nayo ni kumlipa fundi kwa kifaa alichokitia tu na kumnyima kitu kwa maarifa aliyoyatumia. Fundi anayejua kwamba hatalipwa asipouza plagi, atauza plagi. Basi akija mtu akakaa ndani ya gari lako nusu saa, akahesabu sekunde zake, akakurudishia injini iliyotulia bila kukuuzia kitu chochote, mlipe huyo ujira kamili wa fundi, kwa maana amekuokoa na bei ya kontrolboksi.